Nani Anatembea Juu ya Baba

Tulipomzika Mama Chelangat kule Roret mwezi uliopita, kijana aliyeshika kipaza sauti alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Alikuwa ameshaita ndugu, wakwe, wanakwaya na akina mama wa chama, na mimi sikuwa katika fungu lolote. Akaniuliza mbele ya waombolezaji wote, kwa adabu lakini kwa mashaka, "Na wewe mama, marehemu alikuwa nani wako?" Swali halali kabisa. Mtu anayeitwa Kerubo, Mkisii wa kutoka ng'ambo ya Sotik, hawezi kusimama tu kwenye matanga ya Wakipsigis aanze kutoa machozi bila kujieleza. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Baba yangu mzazi alilala nyumbani kwa huyu mama kwa miezi, na mama yangu alijua." Mchungaji akakohoa. Pale mbele nilimwona Chelangat mwenyewe, binti wa marehemu, ambaye sasa ni nyanya wa watu, akijifunika uso kwa kitambaa. Wengine walidhani analia. Mimi namjua, alikuwa anacheka. Moraa, mjane wa kaka yangu, aliyeketi kando yangu na mkongojo wake, akanivuta sketi. Sikukimbilia kueleza. Nimefika umri wa kuwaacha watu wasubiri kidogo.

Mambo yenyewe yalitokea kwenye flati, na flati hizo lazima nizieleze, kwa sababu zikishabomolewa, kama ninavyosikia zitabomolewa, hakuna atakayeniamini. Ziko Kericho mjini, mtaa wa makarani, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mashamba ya majani chai. Zilijengwa kabla ya uhuru au mara tu baada yake, inategemea unamuuliza nani. Ni jengo moja refu, jeupe, lililosimama juu ya nguzo za zege kama ghala la mahindi lililoinuliwa panya wasifike. Chini ya nguzo palikuwa wazi, mahali pa baiskeli na watoto. Kila ghorofa ilikuwa na varanda ndefu mbele na milango imejipanga, na ngazi zilipanda upande mmoja nyuma ya ukuta wa matofali yenye matundu, ndiyo maana watu waliziita Flati za Matundu. Madirisha yalikwenda ukuta hadi ukuta. Sakafu ilikuwa ya terazo, ukiipiga deki inang'aa hadi unaogopa kuikanyaga. Na juu kabisa, badala ya paa la mabati lenye mgongo, kulikuwa na bapa la zege, tambarare kama meza. Aliyelichora jengo hilo alijua mambo mengi, hilo nampa, lakini hakuwahi kukaa Kericho hata alasiri moja ya mvua ya mawe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekuja kusomea taipu, nikikaa kwa kaka yangu Ombui na mkewe Moraa katika ghorofa ya kwanza. Nililala sebuleni nyuma ya kochi. Moraa alikuwa ndio kwanza ameolewa, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mboga yake ya saga, aliyoichemsha polepole ikamwagiwa maziwa, sijapata kuila tena mahali popote. Juu yetu moja kwa moja, ghorofa ya pili ambayo ndiyo ya mwisho, aliishi Mama Chelangat na mumewe Arap Koech, karani wa kiwanda cha chai, pamoja na watoto wao. Ule ukuta wa matundu ndio uliokuwa redio yetu. Ukisimama kwenye kona ya ngazi ungesikia jengo zima likiongea: nani ameunguza ugali, nani amechelewa kurudi, nani amechoka na nani. Hapo ndipo nilipojifunza Kikipsigis. Hapo pia ndipo nilipomsikia mtu akisema Wakisii wamejaa mno mjini, na kwenye mlango mwingine Mkisii mwenzangu akisema yake kuhusu Wakipsigis na ng'ombe waliopotea mpakani. Mama Chelangat hakuwa na nafasi ya maneno hayo. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima kingine, na kila asubuhi alisugua vibuyu vyake vya mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, kwa vijiti vya moto pale varandani, moshi ukashuka hadi kwetu. Kaka yangu akilalamika, alimjibu kutoka juu, "Ombui, kunywa chai yako. Moshi hii haina mfupa."

Kisha baba akaja na kidonda. Alikuwa amejikata kwa panga akifyeka ua, akajifunga majani na ukaidi wake, na alipokubali kuletwa Kericho mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na chumba kizima kilijua ameingia. Daktari hakuzungusha maneno. Kidonda kioshwe kila siku pale hospitali. Mzee akirudi nyumbani, atarudishwa mguu ukatwe. Wodi zilikuwa zimejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, kwa hiyo alale mjini kwa jamaa zake. Ombui akamleta hadi flati. Baba akashuka garini, akaegemea nguzo moja ya zege, akauliza mlango wa mwanawe ni upi. Ombui akamwonyesha. Baba akautazama, akatikisa kichwa, akasema angeomba kurudishwa nyumbani.

Vijana wa leo nikiwaeleza wanadhani ni mambo ya ugomvi. La. Kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala humo, bafu moja na choo kimoja na mke wa mwanawe. Ni heshima, na kwa baba yangu heshima haikuwa nguo ya kuvua mtu akifika mjini. Ombui akamsihi. "Tata, watakata mguu." Baba akamjibu taratibu, "Mguu ni wangu. Heshima ni yetu sote." Moraa alikuwa amesimama mbali, mikono mbele, macho chini, akijua kwamba mlango wake ndio unaokaribia kumkata baba mkwe mguu. Sitasahau uso wake. Alikuwa amemwandalia kitanda chake mwenyewe, kimetandikwa shuka jipya.

Chini, katika chumba pekee kilichobanwa kati ya nguzo, aliishi mwalimu mmoja kapera, mtu mpole. Akatoka akasema mzee achukue chumba chake, yeye atalala shuleni. Sote tukashusha pumzi. Hapakuwa na ngazi ya kupanda, mguu ungepumzika. Baba akamshukuru, akachechemea hadi mlangoni, akainua macho kwenye dari. "Nani yuko juu hapa?" Nikasema mimi, "Ni jikoni kwa Moraa." Baba akarudi kinyumenyume, pole pole, kama mtu aliyekuwa karibu kukanyaga nyoka. "Mke wa mwanangu atembee juu ya kichwa changu, nami nimelala?" Jirani wa mlango wa pili naye akajitolea, lakini ukuta wake ulikuwa ndio ukuta wa chumba cha kulala cha Ombui na Moraa. Hilo hata halikumaliza kusemwa. Baba akakaa kwenye jiwe chini ya nguzo na jua likaanza kushuka nyuma ya mikalitusi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na sijaufunga tangu siku hiyo. Msichana hakuwa na ruhusa ya kumfundisha baba yake mambo ya boma. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeutazama ule mguu, nikaona maneno yangu hayawezi kuwa mabaya kuushinda. Nikachuchumaa mbele yake. "Tata, kule nyumbani, nyumba yako iko wapi na ya Ombui iko wapi?" Akanitazama. "Yangu iko juu, yake iko mteremkoni. Unajua." Nikamwambia, "Hata hapa kuna juu." Nikamwonyesha kwa kidole ghorofa ya pili. "Anayelala pale, Ombui yuko chini yake, kama kawaida. Na juu yake hakuna mtu, ni paa." Baba alihesabu madirisha kutoka chini kwenda juu, akarudia. "Mlango ni wa nani?" Nikasema ni wa mama Mkipsigis. Hilo alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyoufikiria mguu. Mwishowe akasema, "Aulizwe. Asilazimishwe."

Niliuliza mimi mwenyewe. Mama Chelangat alisikiliza mkono kiunoni, akasema nisubiri, akaingia ndani kwa mumewe. Mimi nikashuka hadi kona ya matundu, mahali pangu. Sauti ya Arap Koech ikaja wazi. "Mzee wa Kisii alale kwangu? Watu wa Roret watasema nini?" Mkewe akajibu, "Watasema una nafasi." Kisha Arap Koech akatoa hoja yake ya kweli, kwa sauti ya chini. "Wewe huoni? Ule mtu ni rika ya baba yangu. Akikaa hapa mimi ni mtoto. Siwezi kuongea kwa sauti ndani ya nyumba yangu. Siwezi kurudi nimekunywa." Na Mama Chelangat, bila haraka, "Hiyo ndiyo naitaka. Toa watoto kwa kile chumba." Nilikaa chini kwenye ngazi nikauma kidole nisicheke.

Watoto wa Mama Chelangat wakashuka na blanketi zao kulala sebuleni kwa Moraa, na mimi nikapanda kulala jikoni kwa Mama Chelangat ili nimhudumie baba, aliyepewa chumba cha watoto. Ombui na Arap Koech walimbeba mzee kwenye kiti cha mbao, mmoja mbele mmoja nyuma, ngazi baada ya ngazi. Walipokaribia ghorofa ya kwanza, mlango wa Ombui ukiwa wazi, baba akawaambia wamgeuze. Wakasimama na uzito wote ule, wakamgeuza akatazama nje kupitia matundu, kwenye chai ya kilima cha pili, hadi wakapita. Kila siku wakimshusha na kumpandisha ilikuwa hivyo hivyo. Arap Koech alilowa jasho lakini hakusema neno, kwa maana alikuwa ameshakuwa mtoto.

Huo ndio uliokuwa mwaka wangu. Nikiufikiria sasa naukumbuka kwa sahani. Moraa anapika chini ugali wa wimbi na saga, mimi napanda nazo zimefunikwa, baba anakula, anasema, "Mwambie mke wa Ombui amefanya vizuri," nami nashuka na salamu hizo kama barua. Mama Chelangat naye analeta mursik, na baba siku za kwanza anaichungulia ile rangi ya majivu kwa wasiwasi, kisha anaonja, kisha anaanza kuulizia kabla haijaletwa. Jioni yeye na Arap Koech walikaa varandani wakibishana ni upande upi ulianza kuiba ng'ombe wa mwenzake pale Sotik. Mambo ambayo watu wengine wameshikiana mishale kwayo, hawa wawili waliyabishania wakishirikiana kikombe. Siku moja nilimsikia baba akisema, "Basi, tuseme nyinyi mlianza, sisi tulizidisha," na Arap Koech akacheka kwa heshima, mkono mdomoni. Chini nako Moraa alikuwa na nyumba iliyojaa watoto wanaomwita mama kwa Kikisii kibovu. Na kidonda kikaanza kufunga. Daktari akasema kimebakia kidogo, lakini kisiingie maji machafu hata tone, ama tutaanza upya na safari hii hatutakuwa na mguu wa kuanzia.

Mvua ya mawe ilikuja alasiri, wanaume wakiwa kazini. Wenyeji wa Kericho hawahitaji kuelezwa. Mbingu huwa nyeusi upande wa msitu, upepo unakatika, halafu unasikia kelele kama lori linamwaga kokoto. Ilipokoma, chai yote ilikuwa nyeupe, varanda ilikuwa nyeupe, ngazi zilijaa barafu iliyopenya matunduni. Na lile bapa la zege juu lilikuwa limebeba mzigo wake wote, kwa sababu bomba la kutolea maji lilikuwa moja tu kwenye kona, na mawe yalikuwa yameliziba. Yakaanza kuyeyuka. Maji ya paa, yenye ukungu na mavi ya ndege, yakatafuta nyufa. Yalidondoka sebuleni kama bomba limefunguliwa, yakaanza kudondoka chumbani juu ya kitanda cha baba. Ngazi zilikuwa utelezi mtupu, hatungeweza kumbeba. Nilimketisha pembeni ya kitanda, mguu wake mapajani mwangu, beseni nimelishika juu yake, na mlango uko wazi naona nje.

Pale mwisho wa varanda kulikuwa na ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani, inayopanda hadi tundu la darini. Mama Chelangat alipanda wa kwanza, akakwama mabegani. Alishuka akilaani mwili wake kwa Kikipsigis. Wakati huo Moraa alikuwa amefika mbio kutoka chini na jembe, na yeye angepita kwenye tundu lile bila kuligusa. Akaweka mkono kwenye chuma, akasimama. Nilimwona anatazama mlango wa chumba alimokaa baba. "Siwezi, Mama Chelangat. Tata yuko chini." Maji yalikuwa yanazidi, beseni lilikuwa limenizidi uzito. Mama Chelangat akamuuliza, bila ukali, "Hii paa ni ya nani?" Moraa akasema, "Ni yako." "Basi ukiwa pale juu uko kwangu. Mgeni wangu anakanyaga mahali nimemwambia akanyage. Panda." Moraa akavua ndara zake za plastiki, ambazo zingemwangusha, akapanda miguu mitupu.

Tukasikia nyayo zake juu. Zilikuwa nyepesi, zinatembea, zinasimama, zinateleza, zinatembea tena. Kisha jembe likaanza kugonga barafu. Baba aliinua uso kwenye dari kama alivyofanya siku ile kwa mwalimu. "Nani anatembea juu?" Ningeweza kumwambia ni Mama Chelangat. Angekubali, na pengine alitaka nimwambie hivyo. Lakini nilishaanza kusema ukweli na mzee huyu chini ya nguzo, na ukweli ulikuwa haujaniangusha. Nikasema, "Ni mke wa mwanao, Tata."

Tone likaanguka begani kwa baba, akaliacha. Juu kukasikika kishindo, Moraa ameanguka, halafu jembe likaanza tena. Baba akauliza, "Amevaa nini miguuni?" Nikamwambia hana kitu. "Kwenye barafu?" Nikasema ndiyo. Akainama kwa shida, akavuta kutoka uvunguni gamboti zake, zile za kwendea zizini, ambazo hakuwa amezivaa tangu panga limkate. Akaniwekea miguuni. "Mpelekee." Nikamwambia siwezi kuuacha mguu. Akauchukua mguu wake kwa mikono yake miwili, akaliweka beseni kichwani mwake liukinge matone, akasema, "Nitaushika mwenyewe. Nenda."

Muda mfupi baadaye tukasikia maji yakishuka ndani ya ukuta kwa kishindo, na dari ikaanza kupunguza matone. Moraa akashuka akiwa amelowa, midomo imemgeuka rangi, gamboti za baba mkwe zimemfika magotini. Alisimama nje ya mlango, mahali ambapo hangeonekana. Baba akapaza sauti, "Mke wa Ombui, umeumia?" Akajibu, "Hapana, Tata." Baba akasema, "Vizuri." Mama Chelangat akaenda kuwasha jiko.

Mguu ulipona. Siku ya kuondoka alishuka ngazi mwenyewe kwa fimbo, na alipofika ghorofa ya kwanza hakugeuza uso. Alisimama varandani, hatua chache kutoka mlango wa mwanawe, akaita salamu kama mzee aliyefika uani. Moraa akamletea kiti na uji, akanywa pale pale nje hadi akamaliza. Ombui alipomkimbilia garini na gamboti, baba alizikataa. "Hizo zina mwenyewe," akasema, akarudi kwetu na viatu vyake vya kanisani.

Mimi sikuwa mpiga taipu. Nimejenga flati zangu mwenyewe kule Sotik, zina paa la mabati lenye mgongo, na mpangaji akija na mzazi mgonjwa mimi humuuliza kwanza nani atakaa juu. Wengine hunidhania nimechanganyikiwa. Kule Roret niliwaeleza waombolezaji haya yote isipokuwa viatu, kwa sababu viatu si vyangu kuvisimulia. Moraa hakusimama kusema. Tulikwenda kaburini, ikafika zamu yake ya kutupa udongo, na ili kufika ilibidi apande lile tuta jekundu. Akasimama na mkongojo wake, kiganja kimejaa udongo, asisogee. Watu nyuma wakaanza kumhimiza, wakidhani ni magoti. Nilijua si magoti. Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitatembeaje juu yake?"

Chelangat alikuwa mtoto kati ya wale waliolala sebuleni kwake, na siku ya barafu alikuwa pale varandani. Akatoka kwenye mstari wa wafiwa, akamshika mkono.

"Panda, mama," akamwambia. "Uko kwetu."